Usambara kwa Kilatini: jina la nchi na sarufi inayolibeba

Mwishoni mwa Novemba 2025 Vatikani ilitangaza kanuni mpya za uendeshaji wa ofisi kuu za Papa, zikiwa zimeidhinishwa na Papa Leo XIV ili zianze kutumika 1 Januari 2026. Kati ya vifungu vyote, kilichovuma ni kimoja kifupi: ofisi hizo, kwa kawaida, zitaandika nyaraka zake kwa Kilatini au kwa lugha nyingine. Kineno "au" kikatosha kuandaa mazishi. Kilatini kimekufa, wakasema wengi, hata nyumbani kwake kimefungiwa mlango. Naona wamekisoma kifungu bila kukilinganisha na kilichokitangulia. Kanuni za 1999 nazo ziliweka Kilatini kuwa lugha ya kawaida ya nyaraka huku zikiruhusu lugha zinazojulikana zaidi leo. Na kanuni hizi mpya zinataja ofisi ya lugha ya Kilatini itakayoendelea kuhudumu katika Sekretarieti ya Vatikani. Sheria imekubali hali iliyokuwapo kwa miongo kadhaa: barua na taarifa nyingi zilikuwa tayari zinaandikwa kwa Kiitaliano na lugha nyingine.

Hoja yangu ni kwamba uhai wa lugha ya namna hii haupimwi kwa idadi ya nyaraka. Unapimwa kwa kuangalia kama bado inaweza kulipokea jina ambalo haikuwahi kulisikia, ikalitia katika sarufi yake, na jina hilo likafanya kazi humo kama wenyeji. Majina ya nchi za leo ndiyo kipimo kikali kuliko vyote, kwa sababu Kilatini hakimruhusu mtu kulitaja jina la nchi na kuliacha limesimama wima. Lazima aamue lina jinsia gani ya kisarufi, litabadilika vipi mwishoni, mtu wa huko ataitwaje, na kama litahitaji kihusishi. Kila uamuzi wa namna hiyo unasema jambo kuhusu nchi yenyewe, kama ni ardhi, ni watu, au ni dola. Sisi tunaozungumza Kiswahili tuna sababu ya pekee ya kulielewa hili, kwa kuwa lugha yetu inafanya kazi ileile, ila yetu inaanzia mwanzoni mwa neno na yao mwishoni.

Tuanze na jina letu. Tanzania lilitangazwa Oktoba 1964, miezi michache baada ya Muungano wa 26 Aprili, na kwa Mlatini ni jina lisilo na taabu hata kidogo. Mwisho wake wa -ia ni uleule wa Italia na Hispania, kwa hiyo linafuata njia yao: Tanzania likiwa kiima, Tanzaniae likionyesha umilikaji, Tanzaniam likiwa yambwa. Majina mengi ya bara letu yaliundwa kwa mwisho huo huo: Liberia, Nigeria, Zambia, Namibia. Nakumbuka siku mwalimu wangu wa Kilatini, padre mzee, alipoandika ubaoni sentensi mbili fupi na kutuambia tusiende chakula mpaka tueleze tofauti yake: "Ex Tanzania venio, Romam eo." Natoka Tanzania, nakwenda Roma. Kwa Kiswahili majina yote mawili yamekaa sawa, bila chochote mbele wala nyuma. Kwa Kilatini nchi imepewa kihusishi, ex, na mji umekataa kihusishi ukabadilika mwisho wake tu. Ndivyo sarufi inavyotaka: miji na visiwa vidogo havitaki kihusishi, nchi na visiwa vikubwa vinakitaka. Ndiyo maana hati za Papa hufungwa kwa maneno "Datum Romae", imetolewa Roma, bila in. Mwandishi wa kale Nepos, akieleza walikoishi majemadari wa Athene, anasema katika sentensi moja kwamba Conon aliishi zaidi Cypri, Iphicrates in Thraecia, na Timotheus Lesbi. Saiprasi na Lesbos ni visiwa, havikupewa kihusishi, ingawa Saiprasi si kisiwa kidogo. Thrakia ni nchi, ikapewa.

Sasa chukua Zanzibar. Mtu anayeandika Kilatini leo akitaka kusema "alizaliwa Zanzibar" hana pa kujificha. Akiliacha jina bila in, amesema Zanzibar ni kisiwa au mji. Akiweka in, amesema ni nchi. Kwetu suala hilo limewahi kuzua mjadala mzito wa kisiasa, mpaka marekebisho ya Katiba ya Zanzibar ya 2010 yakaandika kwamba Zanzibar ni miongoni mwa nchi mbili zinazounda Jamhuri ya Muungano. Mimi ningeweka in, tena bila kusita, kwa kuwa jina hilo linabeba Unguja na Pemba pamoja, na linabeba serikali. Unguja peke yake ningeiandika kama Nepos alivyoiandika Lesbos. Niko tayari kupingwa na anayeona vingine, lakini hakuna atakayeandika sentensi hiyo bila kuchagua upande.

Jinsia ya kisarufi ndipo Kilatini na Kiswahili vinapofanana zaidi. Misri kwa Kilatini ni Aegyptus, na mwisho wa -us kwa kawaida ni wa kiume. Lakini sifa ya Aegyptus huja katika jinsia ya kike, kwa sababu nyuma ya jina kuna neno lisilotamkwa, terra, nchi, ambalo ni la kike. Wanafunzi wa Kilatini hulalamika sana juu ya hili na kuliita ukaidi. Mswahili hana haki ya kulalamika. Ujerumani una kiambishi cha U-, kile cha uzuri na ukuta, na kwa umbo lake ungetarajia tuseme "Ujerumani umeshinda". Tunasema Ujerumani imeshinda, Ufaransa imekubali, Uingereza ina mfalme. Nyuma ya jina limesimama neno nchi, na nchi ndiyo inayotoa upatanisho. Kisha tunayo hatua ya ziada ambayo Kilatini huifikia kwa in tu: tunasema "Tanzania ina milima" tukimaanisha nchi kama kitu chenye mali, na "Tanzania kuna milima" tukimaanisha mahali unapoweza kusimama ukaitazama. Silabi moja inatenganisha dola na ardhi.

Lakini utajiri mkubwa uko katika jina la mtu. Kwa kawaida ya kale, Kilatini kilitoka kwa watu kwenda kwenye nchi: Gallus akazaa Gallia, Graecus akazaa Graecia, Afri waliokuwa karibu na Karthago wakazaa Africa. Kiswahili kilienda njia hiyo hiyo: Msukuma na Usukuma, Mgogo na Ugogo, Mfaransa na Ufaransa. Nchi za karne ya 20 zimegeuza mwendo. Hakukuwa na Mtanzania kabla ya Tanzania. Jina la nchi lilitangulia na watu wakaitwa kwalo. Kilatini kina kiambishi tamati kinachofaa hali hiyo, nacho ni -ensis, kinachosema mtu au kitu ni cha mahali fulani. Warumi walikichukulia kwa uzito mkubwa. Hispanus alikuwa Mhispania kwa asili. Hispaniensis alikuwa wa Hispania kwa mahali tu, kama Mrumi aliyezaliwa au kuishi kule. Mwanahistoria Velleius, akimtaja Cornelius Balbus aliyepanda hadi kwenye ngazi za juu za heshima Roma, anasisitiza kwamba hakuwa Hispaniensis kwa kuzaliwa, alikuwa Hispanus hasa. Kwa hiyo anayechagua leo kati ya Tanzanianus na Tanzaniensis anachagua zaidi ya mlio wa neno. Mimi nashikilia Tanzaniensis. Taifa lililokusanya makabila zaidi ya mia moja, Waarabu, Wahindi na wengine, chini ya jina lisilokuwa la kabila lolote, ni taifa la mahali, na -ensis inalisema hilo kwa heshima. Jimbo Kuu la Dar es Salaam, lililopandishwa hadhi hiyo mwaka 1953, linaitwa kwa Kilatini Daressalaamensis, na hakuna anayedhani neno hilo linataja ukoo.

Anayetaka kuona sarufi mbili zikikutana katika neno moja aende kwenye misitu ya Tanga. Mkulo, mti mkubwa wa kafuri wa milima yetu, unaitwa na wataalamu wa mimea Ocotea usambarensis. Litazame neno la pili kwa utulivu. Mwanzoni kuna U- yetu, ile inayogeuza watu kuwa nchi, Washambaa kuwa Usambara. Mwishoni kuna -ensis ya Warumi, inayogeuza nchi kuwa sifa. Mshambaa yuko katikati, ameshikwa mkono huku na huku. Ndivyo ilivyo pia kwa Warburgia ugandensis, mti wa dawa unaojulikana sana Kenya na Uganda: U- ni kiambishi cha pwani kilichosafiri na misafara hadi kwa Waganda, wakati wao wenyewe huiita nchi yao Buganda. Kahawa moja ya mwituni ya pwani yetu inaitwa Coffea zanguebariae tangu karne ya 18, maana yake kahawa ya Zanguebaria. Ua la mlimani linaitwa Impatiens kilimanjari, na hiyo -i ya mwisho ni umbo la umilikaji, "la Kilimanjaro", kana kwamba mlima wetu ulisoma darasa moja na mito ya Italia.

Na hizi si alama zilizoganda. Mti mmoja wenye miiba uliwahi kuitwa Fagara usambarensis. Kokwaro, mtaalamu wa mimea wa Kenya, alipouhamishia katika jenasi ya Zanthoxylum, jina lilibadilika kuwa Zanthoxylum usambarense. Kwa nini -ensis iligeuka -ense? Kwa sababu Fagara ni neno la jinsia ya kike na Zanthoxylum si la kike wala la kiume, na sifa inafuata nomino yake, kama vile "mzuri" inavyokuwa "kizuri" ukihama kutoka mti kwenda kiti. Mwanasayansi wa Afrika Mashariki alilazimika kutii upatanisho wa Kilatini katika karne ya 20, na yeyote atakayeuhamisha mti huo tena atalazimika kuutii. Kwa ushahidi huo, siwezi kukubali kwamba sarufi hiyo imekufa.

Wanaopinga hawana sauti moja, na hoja zao hazina uzito sawa. Iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo inayorudiwa mara nyingi: Warumi hawakuijua Tanzania wala Kanada, kwa hiyo Kilatini cha kuzitaja ni mchezo wa kuigiza. Hoja hii inadhani Warumi walizaliwa wakiwa na ramani kamili. Tacitus, mwanahistoria wa Kirumi aliyeandika kuhusu Wajerumani mwishoni mwa karne ya kwanza, anasema wazi kwamba jina Germania ni jipya na limeongezwa karibuni. Jina tunalolichukulia leo kuwa la kale kabisa lilikuwa jipya masikioni mwa watu wa zama zake, na Kilatini kililipokea, kikalitia katika safu, kikaendelea. Ikiwa kukosekana kwa jina katika vitabu vya kale kunalifanya kuwa la kuigiza, basi hata Kiswahili hakina haki ya kusema Marekani.

Kundi la pili lina hoja nzito kidogo. Hawa wanataka majina ya kale yatumike kwa nchi za leo, na mfano wao bora ni Uswisi. Nchi hiyo ina lugha nne, Kijerumani, Kifaransa, Kiitaliano na Kiromanshi, na ili isimpendelee yeyote iliandika Confoederatio Helvetica kwenye sarafu, Helvetia kwenye stempu, na kuzitumia herufi CH kwenye magari na anwani za intaneti. Mfano huu unanigusa kwa sababu unafanana na tulivyokifanyia Kiswahili: lugha isiyo ya kabila lolote kubwa inakuwa paa la wote. Hata hivyo Wahelveti hawakuishi Uswisi yote. Mashariki kulikuwa Raetia. Jina limefanikiwa kwa sababu Waswisi wenyewe wamelikubali na kulijaza maana mpya. Ukiigeuza njia hiyo kuwa kanuni ya jumla inavunjika mara moja. Mauretania ya Warumi ilikuwa kaskazini mwa Moroko na Aljeria ya leo, mbali na Mauritania yenye mji mkuu Nouakchott. Gallia, eneo la Ufaransa ya leo, ilimeza Ubelgiji na hata kaskazini mwa Italia, ndiyo maana waandishi wengi wa Kilatini cha sasa husema Francogallia wakimaanisha Ufaransa. Jina la kale likimpotosha msomaji, ukale wake haulisaidii kitu.

Hoja yenye nguvu ni ya tatu: jina la nchi ni mali ya wenyewe, na wageni hawana ruhusa ya kulipinda. Mwaka 1985 serikali ya Abidjan iliomba nchi yake iitwe Côte d'Ivoire katika lugha zote. Cabo Verde ikafanya hivyo 2013. Mwaka 2018 Mfalme Mswati III alitangaza kwamba Swaziland sasa ni Eswatini, na 2022 Umoja wa Mataifa ukapokea Türkiye kuwa jina la Uturuki. Watu waliopewa majina na watawala wa kigeni wana haki ya kuchoka kuitwa vibaya, na ninaiheshimu hoja hiyo. Lakini inachanganya vitu viwili. Sauti ya jina ni ya mwenye nchi. Sarufi ni ya lugha mwenyeji. Mgeni akija nyumbani kwako hubadilishi jina lake, ila utamketisha kwenye mkeka wako. Eswatini lenyewe linathibitisha. Kiambishi e- na mwisho -ini ni umbo la mahali katika lugha yao, na hiyo -ini ni ndugu wa damu wa -ni yetu ya nyumbani na shuleni. Jina la dola hiyo ni kielezi cha mahali kilichopanda hadhi kikawa nomino. Kilatini kikiitia nchi hiyo katika safu zake, au Kiswahili kikisema "Eswatini imeshinda", hakuna kilichoporwa. Dharau hukaa mahali pengine, ndani ya maana ya neno. Julai 2024, wataalamu wa mimea waliokutana Madrid walipiga kura kuondoa caffra katika majina ya mimea na kuweka affra, kwa sababu lile la kwanza lilitokana na kafiri na lilikuwa tusi kwa Waafrika wa kusini. Erythrina caffra ikawa Erythrina affra. Herufi moja ilitoka, lakini -a ya mwisho, ile ya upatanisho na nomino ya kike, ilibaki mahali pake. Heshima ilirekebishwa na sarufi haikuguswa.

Nakubali jambo moja kwa wanaosikitika. Wanasayansi wa mimea walitangulia njia ambayo Vatikani imeipita sasa: hadi mwisho wa 2011 maelezo ya mmea mpya yalitakiwa kuandikwa kwa Kilatini, na tangu 2012 Kiingereza kinaruhusiwa. Tangu hapo wanaoweza kuandika aya nzima kwa Kilatini wamepungukiwa na sababu ya kujifunza, na hilo ni hasara ya kweli. Aya imeondoka, jina limebaki. Naamini ofisi za Papa zitaelekea huko huko: taarifa kwa Kiitaliano au Kiingereza, na jina la jimbo jipya, liwe la Sumbawanga au la Seoul, likiendelea kutafutiwa -ensis yake. Lugha inaweza kupoteza aya na bado ikahifadhi nguvu ya kutaja. Kinyume chake kinanitisha zaidi, lugha yenye aya milioni kila siku isiyojishughulisha tena kutaja.

Na hapo ndipo ninapokitazama Kiswahili chetu. Kina mamilioni ya wasemaji, magazeti, redio, Bunge. Lakini fungua kurasa za michezo wakati wa Kombe la Mataifa ya Afrika uone. Nchi moja ni Ivory Coast aya ya kwanza, Kodivaa ya pili, na Côte d'Ivoire kwenye jedwali. Mchezaji wake hana jina kabisa. Ni "raia wa Ivory Coast". Tunaye Mghana, Mnigeria na Msenegali, tuliowapata bila kikao chochote, lakini wa Abidjan tumemwacha mlangoni kwa sababu jina la nchi yake halijatiwa katika ngeli. Mburkinabe naye huandikwa na wachache, wengine hukimbilia "mtu wa Burkina Faso". Kilatini hakiruhusu ukimbizi huo. Kikishaipokea nchi, siku hiyo hiyo kinalazimika kumpokea mtu wake, na sifa yake, na mahali pake.

BAKITA na BAKIZA, mabaraza ya Kiswahili ya Taifa na ya Zanzibar, wanajua kazi hii, na orodha za majina ya nchi zipo. Ninachoomba ni orodha ya namna nyingine, ambayo kila jina limekuja na familia yake: nchi, mtu mmoja, watu wengi, lugha au utamaduni, na upatanisho wake katika sentensi. Uturuki, Mturuki, Waturuki, Kituruki, Uturuki imesema. Kwa Eswatini tuamue kama mtu wake ni Mswati, jina lililo karibu na lile analojiita mwenyewe, au Mweswatini, ambaye ni mtu aliyeundwa kutokana na mahali, kama Warumi walivyomtenga Hispanus na Hispaniensis. Mimi ningesema Mswati kwa aliye wa watu hao, na Mweswatini kwa kila raia wa dola hiyo, Mzulu wa huko akiwemo.